Mwanafunzi wa Majaribio

Kitu cha kwanza Hikma alichokiona kwa Zubair ni mikono yake, na aliiona kwa sababu ilikuwa imefichwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika saiba ya Kaluki, chumba cha kukodisha kompyuta pale Mowlem, orofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Wahadhiri kumi na wawili wa chuo kikuu walikuwa wameketi mbele ya kompyuta kumi na mbili, kila mmoja na miwani yake na hofu yake. Chuoni kwao maabara ilikuwa ikikarabatiwa, ndipo wakaikodi saiba ile kwa siku tano wajifunze kufundisha kwa mtandao. Zubair ndiye aliyetumwa kuwafundisha. Alikuwa kijana mrefu, mkimya wa macho, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama yenyewe. Alipita nyuma ya viti polepole. Kila aliyemwita, alimwendea, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifunga hapo, kisha akasema kwa mdomo tu:

"Chini kushoto, daktari. Hiyo alama ya maikrofoni. Ibonyeze."

"Si uibonyeze wewe tuendelee, kijana!" Huyo alikuwa Daktari Maingi, mzee wa historia, ambaye tangu aingie alikuwa akikishika kile kipanya cha kompyuta kama mtu aliyekamata panya wa kweli. "Miaka thelathini nimefundisha kwa chaki. Chaki haina alama ya maikrofoni."

"Nikiibonyeza mimi, daktari, kidole changu ndicho kitakachojifunza. Chako kitabaki vile vile."

Wenzake wakacheka. Daktari Maingi akabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka kwenye spika, akaruka kitini.

Hikma alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Kazi yake pale ilikuwa kufagia, kupangusa kompyuta na kuwapikia wateja chai, na mahamri aliyokuja nayo kila asubuhi yalikuwa ya mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na sauti ndogo sana. Kaluki, mwenye saiba, alizoea kumwambia, "Wewe hata ukipiga kelele, mtu atadhani ni friji." Aliitazama ile mikono iliyofungwa nyuma, akakumbuka walimu wake wa zamani na mambo ambayo mikono yao ilijua kufanya. Hakuwahi kuona mwalimu anayemsubiri mtu.

"Sasa nahitaji mwanafunzi," Zubair akasema. "Mmoja tu, wa majaribio. Mwalimu asiyejua mwanafunzi anaona nini upande wa pili ni kama mpishi asiyejua kama mgeni wake ana meno."

"Chukua Hikma," Kaluki akajibu kutoka kaunta. "Ana simu, na hizi mashine anazijua kuliko mimi ninayezilipia stima."

Hivyo ndivyo Hikma alivyoingia chuo kikuu: akiwa amekaa juu ya debe la maji jikoni, simu mkononi, viatu vya plastiki miguuni. Zubair alimtumia fomu yenye mistari mitatu. Jina. Umri. Kiwango cha elimu.

"Jaza chochote," alimwambia. "Ni ya majaribio."

Akajaza. Hikma Zahoro. Ishirini na tatu. Darasa la sita.

Ulikuwa ukweli, na aliuandika upesi, kama mtu anayemwaga maji machafu nje ya mlango, kwa kuwa aliamini hakuna atakayeusoma.

Uongo ulikuja Jumanne.

Siku hiyo Daktari Beldina, mama mpole aliyefundisha mambo ya mimea, alitoa somo la majaribio kuhusu mizizi. Kule jikoni Hikma alisikiliza mpaka akasahau sufuria. Alipokwama akaandika kwa vidole viwili: Sijaelewa. Naomba urudie. Daktari Beldina akarudia, tena vizuri zaidi, na wahadhiri wote wakamgeukia kumpongeza. Mapumziko yalipofika, Zubair akaingia jikoni na kikombe kitupu.

"Unajua wewe ndiye mtu wa kwanza wiki hii kusema hajaelewa? Hao madaktari wangu wote wanatikisa vichwa tu."

"Sikuelewa kweli," Hikma akasema, macho kwenye jiko.

"Ndicho ninachosema." Akacheka, na cheko lake lilikuwa la chini, kama la mtu anayecheka msikitini. "Wewe unasomea nini, Hikma?"

Aliuliza jinsi mtu anavyouliza kama chai ina sukari. Hakuuliza kama anasoma. Aliuliza anasomea nini. Na Hikma, ambaye kwa miaka mitano ya saiba hakuna mteja aliyewahi kumdhania hivyo, alihisi joto likimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Ilikuwa heshima kubwa mno kuirudisha.

"Nangoja kujiunga," akasema.

"Ulimaliza fomu foo lini?"

"Kitambo kidogo."

"Matokeo?"

"Yalikuwa sawa."

Uongo mara tatu, mmoja nyuma ya mwingine, kama mahamri kwenye karai: ukishatumbukiza la kwanza, mafuta yanadai mengine.

Jumatano alikuja jikoni mara nne. Kaluki akawa anahesabu kwa sauti. "Ya tatu hiyo! Huyu mtu ana kiu ama ana shida ingine?" Na alipomkuta Hikma akichungulia mlangoni, akamnong'oneza, "Sasa wewe unamwangalia hivyo kwani ni chapati ya mwisho?" Hikma alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, lakini chini ya mtandio alikuwa akitabasamu.

Ni siku hiyo Zubair alipomweleza habari za kwao, mtaa wa Huruma. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Mwalimu Mgeni, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini.

"Nimemwambia habari zako," alisema, akikizungusha kikombe. "Usiogope. Shangazi ni mkali wa mdomo tu. Ana sharti moja. Kila siku husema, 'Sikukusomesha hivi uje uniletee mtu wa kukuuliza barua imesema nini. Fomu foo, Zubair. Chini ya hapo usinipigie hodi.'" Akacheka. "Nikamwambia, shangazi, huyu kashapita huko zamani."

Hikma naye akacheka. Mdomo ulicheka, moyo ukakaa chini.

Alhamisi Zubair akasema neno lenyewe. Alilisema akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nje kabisa ya kizingiti, mikono nyuma.

"Jumapili tukija kwenu, mama yako atatufungulia?"

Hikma alikuwa ameshika sifongo yenye povu. Povu likamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Atafungua," akasema.

Zubair alipoondoka, jambo la kwanza alilofanya Hikma si kufurahi. Alijifuta mikono, akachukua simu, akaitafuta ile fomu ya Jumatatu. Akaligusa lile neno, sita, alifute. Halikufutika. Maandishi madogo yakatokea: taarifa hizi zinaweza kubadilishwa na mwalimu peke yake. Akagusa tena. Akagusa mara saba. Mwisho akaifunika simu kifudifudi juu ya kabati, kama vile kuifunika kungeizuia isiseme.

*

Ijumaa baada ya swala, kulikuwa na kipindi cha mwisho. Wahadhiri walikuwa wamechangamka kama watoto wanaofunga shule. Ukutani kulikuwa na kitambaa cheupe cha projekta. Hikma alikuwa akimimina chai alipomsikia mwanamke akipanda ngazi, akipumzika kila baada ya hatua nne na kumlaumu mjenzi.

Alikuwa mama mnene kiasi, buibui safi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Hakwenda ukumbini. Alikuja moja kwa moja jikoni, kana kwamba alichorewa ramani.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikumu salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Hikma." Halikuwa swali. "Mimi ni Mgeni. Nimetoka Eastleigh kununua kitu, nikasema nipite nimwone kijana wangu akifundisha. Hajui kama nipo." Akaweka mfuko juu ya kabati, akatoa doti ya leso mpya, nyekundu na nyeupe. "Ya mama yako, ya Jumapili. Lakini macho yangu haya, mwanangu! Muuzaji kaniambia jina lake nami nimesahau. Hebu nisomee."

Miwani ilikuwa shingoni mwake. Hikma aliiona, na akaelewa kuwa mwalimu haachi ualimu. Akaikunjua leso mpaka kwenye maandishi.

"Nimekuja na mema, nipokeeni," akasoma, bila kukwama hata mahali pamoja.

Uso wa Mwalimu Mgeni ukafunguka. "Ahsante. Unasoma vizuri, na sauti unayo ila umeibania. Shule gani ya upili, mwanangu?"

"Ni... huku huku, mama. Upande wa Dandora."

"Dandora ipi? Nina wenzangu wengi walifundisha huko."

Kabla hajajibu, sauti ya Zubair iliita kutoka ukumbini: "Mwanafunzi wetu! Njoo ushuhudie, leo tunafunga mafunzo rasmi!" Hikma akamshukuru Mungu kwa kuitwa. Laiti angalijua anakoitwa.

Zubair alipomwona shangazi yake, alistuka, kisha akamwekea kiti kwa furaha iliyomshinda kuificha. Hikma akasimama nyuma karibu na ukuta, sinia tupu kifuani.

"Zoezi la mwisho," Zubair akasema. "Kila mwalimu lazima ajue kufungua taarifa ya mwanafunzi wake: alihudhuria mara ngapi, alijibu nini, ni nani. Daktari Maingi, wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho Jumatatu. Leo uwe wa kwanza. Ionyeshe ukutani."

"Mtaona maajabu," mzee akasema, akavuta kiti. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Zubair nyuma yake, mikono mgongoni. "Hapana, usiniambie, usiniambie... Hiyo hapo!"

Ukuta ukawaka. Herufi zilikuwa kubwa kama mkono.

HIKMA ZAHORO. MIAKA 23. ALIHUDHURIA: SIKU ZOTE. KIWANGO CHA ELIMU: DARASA LA SITA.

Kisha Daktari Maingi akaangua kicheko.

"Ati darasa la sita! Zubair, kumbe unatutania! Mtoto wa darasa la sita amejibu maswali yangu ya historia, mimi daktari nikashindwa kuwasha maiki!"

Ukumbi mzima ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walidhani ni mzaha wa mwalimu wao, na walimpenda mwanafunzi wao. Daktari Beldina aligeuka kabisa akampungia mkono. Zubair mwenyewe alicheka mpaka akashika paji la uso.

"Jamani, hiyo alijaza tu siku ya kwanza, nilimwambia aandike chochote. Hikma amemaliza kidato cha nne, anangoja kujiunga chuo." Alilisema kwa majivuno, akimtupia shangazi yake jicho. "Hata huenda akawa wenu. Daktari, usiiache hivyo, ni makosa. Zoezi la pili: kurekebisha taarifa."

"Mimi nimechoka, arekebishe mwenyewe," mzee akasema, akainuka kumpisha. "Njoo, binti. Keti kiti cha mwalimu."

Hikma hakujua miguu yake ilivukaje ukumbi. Sinia aliiacha mahali fulani. Aliketi. Kiti kilikuwa bado na joto la mzee. Mbele yake, kwenye skrini ya mwalimu, lile neno lililokataa simu yake Alhamisi sasa lilikuwa jepesi kama unyoya. Alama ilikuwa ikipepesa kando yake, ikingoja. Kufuta maneno matatu na kuandika mengine. Kila mtu ameshamfungulia mlango. Kicheko chao kilikuwa kimemfunika kama shuka. Angepita hapo, Jumapili ingefika, leso ingefika, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angejua.

Nyuma ya bega lake alisikia pumzi ya Zubair. Hakuhitaji kugeuka kujua mikono yake iko wapi.

"Upande wa kulia," alimwambia kwa upole. "Kisha bonyeza hifadhi. Wewe mwenyewe."

Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Akaiona siku ile ya darasa la sita: nyanya yake amelala upande mmoja hawezi kuinuka, mama yake amesimama mlangoni na beseni la unga, akisema, "Mwaka mmoja tu, Hikma. Mwakani utarudi." Akaiona sare yake, jinsi alivyoikunja vizuri. Nyanya aliishi miaka mitano. Sare ikawa vitambaa vya kupangusia, na baadaye, pale pale katika saiba ile, kipande chake cha mwisho ndicho alichopangusia kompyuta hizi hizi.

"Hikma?" Zubair akasema. "Umekwama?"

"Sijakwama."

Alisema kwa sauti ya chini sana. Daktari Beldina akainama mbele. "Ongeza sauti, mpenzi."

Maikrofoni ya Daktari Maingi ilikuwa bado inawaka. Hakuwahi kujifunza kuizima. Kwa hiyo Hikma aliposogea mbele akasema neno lililofuata, spika zililichukua na kulisambaza ukumbi mzima, mpaka kwa Kaluki kwenye kaunta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wote walimsikia.

"Si makosa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kile kicheko cha mapenzi kilikatika ghafla, na nyuso zote zikainama, kila mmoja akitafuta kitu cha kutazama kwenye meza yake. Daktari Maingi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua. "Binti," alianza, "mimi sikuwa..." Hakumaliza.

Hikma akainuka. Alihisi uso wake ukiwaka kama aliyefungua oveni. Hakumtazama Zubair. Akapita kati ya viti, akiomba samahani kwa kila kiti, akaingia jikoni, akashika vikombe vichafu kwa kuwa vikombe haviulizi.

*

Aliyemfuata kwanza ni Mwalimu Mgeni.

"Acha hivyo vikombe."

Akaviacha.

"Uliniambia Dandora."

"Ndiyo, mama."

"Uliniangalia hivi usoni ukaniambia Dandora."

"Nisamehe, mama."

Mwalimu akavuta pumzi ndefu. Alipoongea tena, ukali ulikuwa umebaki lakini chini yake palikuwa na kitu kilichochoka. "Wasichana kama wewe niliwafundisha mimi. Darasa la tano, la sita. Mmoja anakosa Jumatatu, anakosa Jumanne. Mwisho wa muhula nachukua rula, napiga mstari juu ya jina. Mkono huu. Kwenu alikuja mwalimu yeyote kuuliza?"

"Hakuja mtu."

"Hata mimi sikwenda." Akautazama mkono ule. "Kwa hiyo darasa la sita lako, mwanangu, ningeng'ang'ana nalo rohoni mwangu. Nina maneno makali kuhusu fomu foo, lakini ningelala nayo nikaamka nimelegea. Ila uongo! Mtu anaingia nyumba ya watu kwa jina lake. Mimi sijui ningekuwa nikimposa nani Jumapili."

Akachukua doti ya leso, akaikunja pale pale, kona juu ya kona, akairudisha mfukoni. Hikma alitazama maandishi yakipotea: nimekuja, na mema, nipokeeni. Kisha Mwalimu Mgeni akatoka, na ngazi zikasikika tena, hatua nne nne, safari hii bila kulaumu mtu.

Zubair alikuwa amesimama kwenye korido. Alimpisha shangazi yake. Akaja mpaka kwenye kizingiti, akakomea pale pale anapokomea siku zote.

"Siku tano, Hikma."

"Najua."

"Nimewaambia watu wote. Nimemwambia shangazi. Nimesimama pale mbele nikajigamba kama mjinga, na wewe uko nyuma yangu na sinia."

"Hukuwa mjinga. Mimi ndiye..."

"Ulidhani ningekukimbia?"

"Ulisema sharti."

"Sharti la shangazi! Mimi umenisikia nikiweka sharti gani?"

"Ulicheka," Hikma akasema. "Uliposema mtu wa kukuuliza barua imesema nini. Ulicheka, Zubair. Nami nikacheka na wewe, na yule mtu nilikuwa mimi."

Zubair akainamisha kichwa. Rangi ikambadilika. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za viti vikirudishwa na watu wanaoagana kwa kunong'ona, kama msibani.

"Kweli," akasema mwisho. "Nilicheka."

Sufuria ilichemka, ikamwagika, ikazima moto, na hakuna aliyeiendea. Kaluki alipita na ndoo, akawaona, akarudi alikotoka.

"Ungebadilisha," Zubair akasema. Hasira ilikuwa imemtoka. Sasa alikuwa akiuliza. "Kila mtu alikuwa amekubali. Mimi mwenyewe nilikuonyesha pa kubonyeza. Kwa nini hukubadilisha?"

Hikma alitazama sakafu. Alifikiri jinsi ya kulieleza bila kulia.

"Kwa sababu ulisema nikifanya mwenyewe, kidole changu ndicho kitakachojifunza. Sikutaka kijifunze hilo."

Zubair aliegemea ukingo wa mlango, akafunga mikono yake nyuma ya mgongo, akamtazama. Hikma aliujua msimamo ule. Aliuona ukifanyiwa Daktari Maingi, dakika kumi nzima, juu ya alama moja ndogo, bila haraka wala kejeli. Ulikuwa msimamo wa mtu ambaye hataondoka, na hatakusaidia.

"Kuna lingine?" akauliza. "Kama kuna lingine ambalo hujalisema, liseme leo. Nikitoka hapa naenda Huruma kukaa na shangazi mezani, nami nataka nijue ninamzungumzia nani."

Lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kifuani mwake tangu Jumatatu, na sehemu yake nyingine tangu miaka kumi na moja iliyopita, tangu sare ilipokunjwa. Hakuwahi kumwambia mama yake, wala Kaluki, wala nyanya kitandani. Aibu yote ya siku ile ilikuwa bado usoni mwake, ikiwaka, na aligundua kuwa hapakuwa na nyingine iliyobaki ya kuogopa. Maikrofoni haikuwepo hapa jikoni. Ilibidi sauti aitoe yeye.

Akainua macho, akamtazama sawasawa.

"Nataka kurudi shule," Hikma akasema. "Nataka kuanzia pale pale nilipoachia, hata nikikaa na watoto. Lakini wewe sitaki uwe mwalimu wangu, Zubair. Wewe nataka uwe mume wangu."